Wanafunzi wangu wana shida ya usemi, mtaalamu yuko Dar, mimi nna kishikwambi tu

Shikamoo shangazi,

Nakusoma siku zote ila kuandika ndo mara ya kwanza, naomba usinichoke maana barua itakuwa ndefu. Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Tanga mjini, huku Ngamiani, na mwaka huu mkuu kanipa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu baada ya mwenzangu kuhamishwa. Patandi, kile chuo cha walimu wa elimu maalumu, sijasoma, elimu maalumu nimeiokoteza kwenye semina za siku mbili tatu basi, sasa nimekuta watoto watatu ambao shida yao kubwa ni kuongea na sijui nishike wapi niache wapi.

Wa kwanza ni kijana wa darasa la pili, mchangamfu balaa, ila k yote kwake ni t. Kuku ni tutu, kaka ni tata, akiomba kalamu anaomba talamu. Wenzake wamembatiza "Tutu" na siku hizi kaanza kunyamaza darasani. Bibi yake anataka apelekwe akakatwe kimeo, mama yake anasema ulimi umeshikwa chini, baba hasemi kitu. Wa pili ni msichana wa darasa la nne, ana kigugumizi, kwa kuandika anawazidi wote ila ukimsimamisha asome kwa sauti neno la kwanza linakwama mpaka machozi yanamlenga. Wa tatu ana mtindio wa ubongo, haongei kabisa, lakini anaelewa shangazi, nikitania darasani yeye ndo wa kwanza kucheka.

Kuna mfadhili alituletea tableti zina apu ya mazoezi ya usemi, yote Kiingereza, picha za kuchakulo na mtu wa theluji, mtoto akibonyeza nyota zinaruka na muziki unapiga. Mkuu anataka niitumie kila siku kwasababu kuna ripoti inatakiwa iende kwa mfadhili. Upande wa pili nimeunganishwa na mtaalamu wa usemi yuko Dar, dada mmoja mwema sana, kakubali kuwaona kwa video kila Alhamisi bila malipo. Natumia kile kishikwambi cha sensa tulichogawiwa walimu na bando nanunua mwenyewe. Lakini ni vurugu. Mvua ikinyesha bati linapiga kelele hatusikilizani. Mtoto anasema "taa" mimi niliyekaa naye nasikia vizuri ni t, mtaalamu anauliza "kasema kaa?" Yule binti wa kigugumizi juzi alikwama kwenye neno, dada wa Dar akasema "naona mtandao umekata", mtoto akainama na hajataka tena kukaa mbele ya kamera.

Juu ya yote mama wa yule wa kwanza kaja shuleni mbele ya watu, "mwanangu nimemleta asome, si achezeshwe simu".

Naomba uniambie ukweli. Hii tiba ya kwa mtandao inafanya kazi kweli au tunapoteza muda? Na mimi ambaye si mtaalamu nna haki gani ya kumfanyisha mtoto mazoezi? Na hiyo apu nifanyeje?

Mwalimu wa kitengo, Tanga

---

Marahaba mwanangu, karibu, na wala hujanichosha, barua kama hii ndo naisoma mara mbili.

Swali lako la kwanza ntalijibu bila kuzunguka. Inafanya kazi. Si maneno yangu, Marekani kwenye shule za vijijini za jimbo la Ohio walilinganisha watoto waliotibiwa matamshi kwa video na waliokaa na mtaalamu ana kwa ana, matokeo yakachapishwa 2010, na maendeleo yao yalikuwa yanafanana. Australia nao wameshajaribu tiba ya kigugumizi ya watoto wadogo kwa kamera na ikaenda vizuri. Ila sikiliza kitu ambacho watu wanakiruka wakisimulia habari hizi, kwenye tiba za namna hii mtoto haachwi peke yake na skrini. Kwenye shule za huko wanaweka mtu mzima pembeni, anamkalisha mtoto, anashika vifaa, anamwambia mtaalamu kile ambacho kamera haikuona. Kwa Tanga hapo mtu huyo ni wewe. Kwaio lile swali la una haki gani limejijibu, wewe hutoi tiba, mtaalamu ndo anapima na kuamua sauti gani ifanyiwe kazi na kwa mpangilio gani, wewe ni masikio yake na mikono yake, na kuanzia Ijumaa mpaka Jumatano wewe ndo unayerudia kile alichoelekeza. Hakuna mtaalamu duniani anayemponya mtoto kwa nusu saa ya Alhamisi.

Kabla ya apu, kabla ya video, masikio. Wote watatu. Mtoto ambaye hasikii vizuri hawezi kutamka vizuri, na sikio linalotoka usaha au lenye maji ndani linaweza kumpunguzia usikivu bila mtu yeyote nyumbani kujua maana mtoto ukimwita anaitika. Hospitali ya rufaa ya mkoa unayo hapo hapo mjini, Bombo, wazazi wakaulizie kliniki ya masikio, pua na koo. Na wakiwa huko huko daktari aangalie na ulimi wa yule kijana, mama yake atulie. Ila nikuambie ninavyoona mimi, ulimi ulioshikwa kwa mbele unamsumbua mtu kwenye sauti za ncha ya ulimi, k inatokea nyuma kabisa kwenye shina la ulimi, sasa mtoto anayesema t safi kabisa na kukosa k sioni ulimi uliofungwa hapo. Kimeo ndo kabisaaa hakihusiki. Mwambie bibi kwa heshima zote, na mwambie mapema kabla hajampeleka kwa fundi, maana kule mtoto anatoka na kidonda na damu na pengine tetanasi, na kuku bado ni tutu.

Haya, Tutu wetu. (Hilo jina lipige marufuku leo leo.)

Kwanza uelewe kwanini dada wa Dar anasikia tofauti na wewe. K na t ni sauti za mlipuko mfupi sana, kufumba na kufumbua imepita, mtandao ukimeza kile kipande kidogo cha mwanzo kinachobaki ni "aa" na sikio la msikilizaji linajijazia lenyewe. S na f nazo zina shida yao, nguvu yake iko kwenye mawimbi ya juu ambayo simu ya kawaida huwa inayakata, ndo maana mtu akikutajia jina kwenye simu unamuuliza F ya Fatuma au S ya Saidi. Alafu hizi programu za mikutano ya video zina kitu cha kuondoa kelele, kimewekwa kwa nia njema ila hakijui tofauti ya kelele za bati na sauti ya mtoto anayeongea chinichini, kinafuta vyote. Ingia kwenye mipangilio ukizime. Tumia earphone zenye maiki, maiki ikae karibu na mdomo wa mtoto kwa pembeni si mbele kabisa upepo usiipige. Na hama hilo darasa la bati, hata stoo yenye maboksi ya vitabu ni nzuri zaidi kwa sauti kuliko darasa tupu lenye mwangwi.

Lakini dawa hasa siyo hiyo, dawa ni kurekodi. Usimtegemee mtaalamu asikie kila kitu mubashara. Mrekodi mtoto kwenye kishikwambi chako, mdomo unaonekana, mwanga uwe mbele yake na usiwe nyuma, maneno kumi tu, alafu umtumie dada kabla ya Alhamisi. Ukituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa na sauti inachakaa, itume kama dokyumenti ifike kama ilivyo, na kama bando ni shida punguza ubora wa picha kwenye kamera kabla hujarekodi, picha ya chini sauti safi inatosha. Yeye atasikiliza na kurudia kwa nafasi yake usiku mtandao umetulia. Alhamisi mkikutana kwa video hampimi tena, mnafundishana tu, yaani anakuelekeza wewe namna ya kumshika mtoto wiki hiyo na anakuangalia ukifanya. Hapo hata picha ikikwama mara mbili hakijaharibika kitu.

Sasa mazoezi yenyewe. Muulize mtaalamu kwanza, ila kwa k njia inayotumika sana ni hii. Kwanza asikie. Piga picha kwa simu yako, kaa wa pale soko la samaki la Deep Sea na taa ya mezani, kope na tope, kanga ya mama na tanga la ngalawa. Unaona ulivyo na bahati, Kiswahili kimekupa jozi za bure na zote zipo ndani ya mji wako, huhitaji mfadhili. Onyesha picha ya kaa wewe useme "taa", akukamate. Watoto wanapenda sana kumkamata mwalimu kakosea, mpe raha hiyo. Akishakuwa anakukamata kila mara ndo uende kwenye kutamka, maana huwezi kulenga kitu usichokisikia. Kutamka anza bila neno, akae mbele ya kamera ya selfi kama kioo, mdomo wazi, ncha ya ulimi ishikwe chini nyuma ya meno na mpini wa kijiko kisafi, alafu aseme "ta". Ncha haina pa kwenda, ulimi utajiinua wenyewe kwa nyuma na itatoka kitu kinachofanana na "ka". Wengine inatoka kirahisi wakisukutua maji kooni. Ikitoka shangilia, ondoa kijiko taratibu, nenda "ko" na "ku", "ki" iache mwisho maana inavuta ulimi mbele. Silabi, kisha neno, kisha neno ndani ya sentensi, kisha maongezi. Ukiruka ngazi utamkuta anasema "ka" safi kwenye kadi na "tata" uwanjani.

Kitu kingine ni idadi. Wataalamu wanapenda mtoto aitoe ile sauti mara 50 au zaidi ndani ya kikao kimoja, kwasababu ulimi unajifunza kwa kurudia. Hebu rudi kwenye ile apu ya nyota ukae pembeni uhesabu kwa dakika tano mtoto katamka mara ngapi. Nyota ziruke, muziki upige, picha ipakie, mtoto abonyeze tena, unakuta katamka mara chache mno na muda wote uliobaki alikuwa anatazama katuni. Na wewe na kadi zako za picha, mnatupia kokoto kwenye kopo kila akisema "kaa", hamsini mnafika chai haijapoa. Dakika kumi kila siku, si saa zima mara moja kwa wiki.

Kwaio apu tuiache? Sijasema hivo. Shida ya apu nyingi za usemi ni kwamba zimetengenezwa kwa mtoto wa Kiingereza, zinamfundisha kufunga maneno kwa konsonanti mwishoni ambapo Kiswahili chetu maneno yanaishia na vokali, na hazina mb wala nd wala ng' ya ng'ombe mwanzoni mwa neno. Zinamuonyesha kuchakulo ambaye mtoto wa Ngamiani hajawahi kumwona. Angalia kama ina sehemu ya kuweka picha zako na kurekodi sauti yako, nyingine zinayo imejificha kwenye mipangilio. Ikiwa nayo umeshapata chombo, futa kuchakulo weka kaa. Ikiwa haina, iwe zawadi ya dakika mbili mwisho wa kazi. Hadithi za Kiswahili zenye picha za kusoma na mtoto ziko bure African Storybook, unazipakua ukiwa kwenye Wi-Fi unakwenda nazo darasani bila bando. Na ukikutana na video za mtandaoni za kumpulizisha mtoto mabaluni na filimbi ati kuimarisha mdomo ili aongee, pita. Kupuliza kunamfundisha kupuliza.

Pembeni kidogo, kwasababu najua ukishaanza kazi hii utasikia matatizo kila kona. Mtoto anayesema "lafiki" wakati mama na bibi yake nao wanasema "lafiki", au anayesema "zambi" na "samani" kama nusu ya mtaa, huyo si mgonjwa. Lugha nyingi za nyumbani hazitenganishi l na r, na dh na th wengi tunazisema z na s na maisha yanaenda. Mfundishe kuandika sawa basi. Kliniki yako isijae watoto wazima.

Binti wa darasa la nne ameniuma. Kigugumizi ndo mahali ambapo video ya moja kwa moja inaweza kuumiza, maana mtoto akikwama na mtandao ukikwama upande wa pili vinaonekana kitu kimoja, na yule dada hakukosea kwa ubaya. Kubalianeni ishara, wewe uliye chumbani ukiinua kidole maana yake mtandao ni mzima, subiri. Na mtaalamu ajizoeze kunyamaza na kungoja badala ya kuuliza. Kwa sasa usimlazimishe kamera kabisa, aanze na voice note, anarekodi akiwa na wewe tu au na rafiki yake mmoja, anasikiliza, akipenda anatuma, asipopenda anafuta. Uamuzi wa kutuma uwe wake. Kwa mtoto aliyezoea neno kumtoroka mbele za watu kile kitufe cha kufuta ni uhuru mkubwa.

Darasani usimwambie "vuta pumzi", "taratibu", "anza upya". Wote tunasema na wote tunadhani tunasaidia. Ngoja amalize, mtazame kawaida, jibu alichosema. Kusoma kwa sauti asome pamoja na mwenzake kwa pamoja, wengi wenye kigugumizi wakisoma sauti mbili neno linatoka lenyewe. Na mwambie kuwa hayuko peke yake, karibu mtu mmoja katika kila watu 100 ana kigugumizi na kuna siku yake ya dunia kabisa tarehe 22 Oktoba. Hiyo siku unaweza kuitumia kuongea na darasa zima bila kumtaja yeye. Malengo na mbinu za huyu mwachie mtaalamu, darasa la nne kigugumizi kimeshakaa, usimwahidi mama yake kwamba kitaisha.

Nimemweka wa tatu mwisho ila ndiye ningeanza naye kesho asubuhi. Mtoto anayecheka utani wa mwalimu ana maneno kichwani, kakosa tu pa kuyatolea. Watu watakuambia ukimpa picha za kugusa badala ya kusema atazembea kuongea, wazazi wengi wanaogopa hilo, utafiti umeliangalia sana na haikuonekana picha kumzuia mtoto kuongea, wengine hata sauti zinaongezeka. Ipo apu inaitwa Cboard, ubao wa picha zinazoongea, ni bure, inafunguka kwenye kivinjari cha kawaida, mtoto akigusa picha kifaa kinasema neno, na picha zenyewe zinatoka kwenye maktaba kama ARASAAC ya serikali ya jimbo la Aragón kule Uhispania, nayo bure kwa shule. Android inayo sauti ya Kiswahili ya mashine ila mimi ningemtafuta mvulana wa umri wake arekodi maneno, kwanini kijana wa Tanga aongee kama tangazo la benki.

Hapo kuna mtego mmoja. Ubao wa Kiingereza unaweka picha ya "mimi", ya "taka", ya "maji", mtoto anagusa tatu. Ukiutafsiri hivo hivo mtoto wako ataongea "mimi kutaka maji" kama mtalii, maana kitenzi chetu kimebeba kila kitu ndani yake. Weka neno zima kwenye kitufe kimoja. Nataka. Sitaki. Nipe. Ngoja. Tena. Niache. Nani? Njoo uone. Na zile za utani usisahau, "muongo wewe!" iwepo, huyu ni mcheshi. Ubao wa maji-chakula-choo peke yake ni wa hospitali, mtoto hana cha kumwambia rafiki. Alafu wewe mwenyewe ukiongea naye gusa picha unavyoongea, siku nzima, mtoto hajifunzi lugha ambayo hajaona mtu akiitumia. Na kabla ya yote hayo chapa ubao huo huo kwenye karatasi, ulaminishe pale stationery, ufunge kwenye kiti chake. Karatasi haiishi chaji, haiogopi mvua, na umeme ukikatika bado ana mdomo. Kama mikono inamtetemeka picha ziwe chache na kubwa, au aangalie kwa macho wewe ufuate.

Ruhusa. Kabla hujarekodi mtoto mwingine yeyote pata saini ya mzazi, karatasi moja ya Kiswahili, inaeleza video ni za nini, anaziona nani, zinafutwa lini. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, na taarifa za watoto na za afya zinahitaji ulinzi wa juu zaidi. Video zisikae kwenye grupu la WhatsApp la walimu hata kwa nia ya kuombewa ushauri. Na mfadhili asipewe hata moja, hata akisema ni kwa ajili ya kalenda.

Mama aliyekuja juu usimchukie. Ana hoja, hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema watoto wa miaka miwili mpaka minne skrini isizidi saa moja kwa siku, wako ni wakubwa zaidi ya hapo ila mama anayeogopa simu hajakosea. Mwite peke yake, si mbele ya watu kama alivyofanya yeye, mkalishe, mchezeshee rekodi ya mwanae ya wiki ya kwanza na ya wiki hii. Kisha mpe kazi: kadi tano za kwenda nazo nyumbani, dakika tano wakati anakaanga samaki, "hii nini?" Mama akishahesabu "kaa" mwenyewe hamtagombana tena. Na bibi mpe cheo, awe ndo anayemkamata mjukuu akisema "taa".

Kwa mkuu nenda na kitu mkononi. Anataka ripoti, mpe ripoti nzuri kuliko aliyoitegemea, kila mtoto na ukurasa wake, maneno kumi yale yale yanapimwa kila mwisho wa mwezi, mangapi yametoka sawa, rekodi ipo. Mfadhili atafurahi kuona mtoto aliyetoka maneno mawili kwenda saba kuliko kuambiwa tableti ziliwashwa kila siku. Kwenye ripoti hiyo hiyo omba bando lilipwe na shule na earphone moja yenye maiki nzuri, usiendelee kulipa mfukoni kwako, mshahara wa mwalimu naujua.

Yule dada wa Dar mpigie simu leo umueleze lilivyokuwa juzi na binti, hajui kilichotokea upande wako. Majibu ya masikio yakitoka niandikie, hasa ya yule kijana wa kwanza, maana yakija tofauti na ninavyodhani mpango wote wa kaa na taa unasubiri.

Shangazi